Safu ya Nne

Anayeniuliza ipi bora, namwonyesha daftari.
Jalada la kijani, doa la chai,
ndani safu nne nilizochora kwa rula ya mwanangu:
tarehe, usingizi, tumbo,
na ya mwisho sikuipa jina.
Humo naandika kama niliona kitu dirishani.

Kwani ilianza hivyo, kwa kutoona.
Miaka kumi na tisa naendesha tramu hapa Łódź,
na Novemba moja nikafika mwisho wa njia, Chojny,
nisikumbuke kituo hata kimoja.
Watu walipanda, wakashuka.
Mimi nilikuwa mkono tu, juu ya mpini.

Daktari Wierzbicka hana maneno mengi.
"Sertralini. Subiri wiki nne, pengine sita.
Itakutesa kabla ya kukufaa."
Mkweli, yule mama. Siku ya tatu
tumbo likawa mashine ya kufulia;
nikavijua vyoo vyote vya njia ile
na nani huficha ufunguo wapi.
Wiki ya sita, safu ya nne: njiwa.
Juu ya bomba la kiwanda cha pamba kilichokufa, njiwa.
Sikufurahi. Niliandika tu.
Lakini usiku Zdzisław aliponigusa
mwili wangu ulikuwa barua iliyopelekwa kwa jirani.
Hakulalamika. Alijigeuza ukutani,
na huko kutolalamika ndiko kulikoniuma.

Mirtazapini, hiyo ni blanketi.
Nililala, jamani, nililala!
Deni la miezi minane likalipwa pamoja na riba.
Nikamwota mama, yu hai, anamenya viazi,
ananikaripia kwa kukata maganda manene.
Na njaa: usiku wa manane, mkate, siagi, matango ya siki,
kilo kumi na moja, sare ikakataa vifungo.
Hayo ningeyavumilia.
Ila zamu ya alfajiri kichwa kilibaki mtoni,
yaani mto wa kulalia,
na mtoto mwenye begi jekundu akavuka reli
nami nikafunga breki
nikiwa nimechelewa kwa pumzi moja.
Hakuguswa. Alinitazama, akaenda zake shule.
Nilishuka, nikakabidhi funguo.
Safu ya nne: begi jekundu.

Nikaliweka daftari mezani kwa daktari.
"Nionyeshe iliyo bora, tumalize."
Akatoa karatasi, dawa zimepangwa
kama farasi mwishoni mwa mashindano.
Akapima kwa kidole kutoka ya kwanza hadi ya mwisho.
Upana wa ukucha.
"Hilo ndilo pengo, Bogumiła, na ni wastani wa maelfu.
Wewe hujawahi kuwa wastani."
Hakuna masika yasiyo na mbu, nilijua;
sikujua kwamba mgonjwa ndiye huchagua mbu wake.

Dada yangu Halszka anameza sertralini ileile,
kwake ni maji ya bomba.
Anacheza dansi kila Jumamosi na mume wa pili.
Nilimwonea wivu mwezi mzima.
Hilo halina safu.

Sasa ni venlafaksini.
Jasho: mashati mawili kwa zamu moja.
Muuguzi hunifunga mkono kila mwezi, anapima presha, anaguna.
Nikisahau kidonge, jioni cheche zinaruka kichwani
kama zile za waya wa juu tramu ipitapo kwenye barafu.
Basi Zdzisław ametega saa. Saa kumi na moja alfajiri
anakiweka kidonge kwenye kisahani, hasemi neno,
na wiki iliyopita mkono wake ulikawia begani pangu,
nami nikaujua kuwa ni mkono.

Wamenirudishia tramu, njia fupi kwanza.
Jumanne safu ya nne haikutosha,
niliandika hadi pembeni:
mwanamke na zulia begani, mbwa wa miguu mitatu,
dirisha lenye taa ya bluu, begi jekundu
(amerefuka).

Leo ukungu ulifunika njia nzima, sikuona kitu.
Nimeandika: ukungu.